Jina Langu kwenye Shafti

4 Oktoba

Leo zana zetu zimelala. Ndiyo desturi ya siku ya tisa ya sikukuu ya mungu wa kike: fundi hagusi kazi, zana ndizo zinazoheshimiwa. Tumezitandaza kwenye shuka nyeupe mbele ya vinu vya kiwanda cha sukari: spana, nyundo, saa ya kupimia mlingano wa mashine, hata tupa yangu kuukuu isiyo na meno tena, tukazipaka poda nyekundu na manjano na kuzivika maua. Injinia Nimbalkar alivunja nazi. Ilipasuka vipande viwili sawasawa, watu wakafurahi.

Kila mwaka, baada ya zana, tunaziandika mashine neno la baraka, Shri, kwa poda nyekundu. Na kila mwaka wiki ya kwanza ya kukamua miwa haijaisha, mafuta yameshalifuta. Mwaka huu nimechoka kubarikiwa kwa wiki moja. Kinu namba mbili na namba tatu vina shafti mpya, zile zinazopokea nguvu kutoka kwenye mota na kuiingiza ndani ya giaboksi. Nilizifunga mwenyewe, na kinga zake, vile vifuniko vya bati, zilikuwa bado hazijarudishwa. Nikachukua kalamu ya umeme, ile inayochoma maandishi juu ya chuma, nikaandika Shri kwenye shingo ya kila moja, pale shafti nene inapoanza kuwa nyembamba. Chini yake nikaandika kwa herufi ndogo: Y. Khot. Najua zana hazifanyi kazi leo, lakini kuandika baraka si kazi.

Dagadu Kamble, mwendeshaji wa kinu namba mbili, ndiye aliyenishikia taa. Akaniuliza, "Fundi, huko si kuchoma? Chuma hakitaumia?"

"Wewe lisha kinu, Dagadu. Chuma niachie mimi. Ulikuwa hujaota ndevu nilipoanza kukijua."

Wote walicheka. Naye akacheka, kwa heshima.

Nyumbani nilimsimulia Indu. Mke wangu hana adabu na mambo ya ufundi. "Neno la baraka sawa," alisema. "Na saini ni ya nini? Ulidhani mungu atasahau nani alimwandikia?"

5 Novemba

Msimu umeanza. Mganda wa kwanza wa miwa umefanyiwa ibada, ukarushwa kwenye mkanda, king'ora kikalia mpaka watoto wa shule wakaziba masikio. Vinu vyote vinne vimezunguka bila mtetemo. Nimeweka kiganja juu ya giaboksi ya pili na ya tatu, nikatabasamu peke yangu kama mwehu.

6 Novemba

Kazi. Chai mara sita.

13 Novemba

Mikokoteni ya ng'ombe imepanga foleni mpaka kwenye hekalu. Wakata miwa wameshajenga vibanda vyao vya majani kando ya barabara. Mkulima mmoja alinishika mkono getini, akaniuliza kama vinu viko salama mwaka huu. Nikamwambia akalale.

21 Novemba

Mvua, wakati mvua haina kazi. Njia imekuwa tope, matrekta manne yamekwama. Miwa inaingia na udongo wake, mawe yake na kila alichosahau mwenye shamba.

29 Novemba

Nimemkemea Dagadu. Analisha kinu miwa mingi mno kwa mara moja. Alinijibu kwa upole kwamba anakisikiliza, na kwamba kinu kikichoka humwambia. Mtu huyu huzungumza na mashine, na wakati mwingine huiimbia, na sauti yake haifai hata kufukuzia kunguru. Nusu saa kabla ya zamu yake ameshafika. Wengine wanasema ni bidii, mimi naona ni woga. Watu wa tabaka lake, kule chini ng'ambo ya mfereji, wamezoea kuogopa kufukuzwa.

7 Desemba

Shafti ya kinu namba mbili imevunjika.

Ilikuwa saa nne na dakika arobaini asubuhi. Nilikuwa karakana nikinoa patasi. Nilisikia kishindo kimoja kizito, kisha mlio wa mota iliyopoteza mzigo, mwepesi na wa juu. Nilikimbia. Nilipofika Dagadu alikuwa ameshabonyeza kitufe cha kusimamisha, amesimamisha na mkanda wa miwa. Angechelewa kidogo, kipande cha nje kingeng'oa kinga na kuruka kwenye njia wanayopita watu. Hakuna aliyemshukuru. Mimi pia sikumshukuru.

Tulifungua kinga. Shafti ilikuwa imekatika shingoni. Nimesema shingoni, na mkono wangu unasita hapa, lakini leo sikuwa na muda wa kufikiri. Nilipima kila kitu kwa utaratibu. Mota na giaboksi vimelingana, saa ya kupimia imetoa tofauti ndogo kuliko unywele. Mafuta ni safi. Beringi zinazunguka bila kelele. Meno ya gia yote yapo. Hakuna mgonjwa mle ndani isipokuwa yule aliyekufa.

Saa saba, kibarua mmoja anayezoa makapi ya miwa alileta kulabu ya mnyororo wa mkokoteni, imepinda na kubapa. Ilikuwa imepita kinuni. Injinia Nimbalkar aliishika kwa vidole viwili, akaiinua watu waione.

"Ndiyo hii," alisema. "Dagadu, ulikuwa unatazama wapi?"

"Ilipita ndani ya miwa, Injinia. Sikuiona. Lakini kinu hakikushtuka. Kingeshtuka ningesikia."

"Ungesikia."

"Ningesikia, Injinia."

"Labda ulikuwa unaimba."

Watu walicheka, nami nilikuwa mmoja wao. Dagadu ameondolewa kwenye jukwaa la kuendeshea kinu mpaka uchunguzi uishe. Kuanzia kesho atazoa makapi kwa koleo. Nje mikokoteni imefika mia tatu, na miwa iliyokatwa inakauka kila saa inayopita.

8 Desemba

Nitaandika hili mara moja, nisilirudie.

Asubuhi Injinia aliniambia nikisafishe kipande cha nje, kipelekwe kwa mtaalamu wa vyuma mjini Pune. Nilikiweka mezani, nikakiosha kwa mafuta ya taa, nikawasha taa.

Chuma kinachovunjwa na nguvu ya ghafla huchanika. Uso wake wote huwa na chembe kali zinazometameta, na shafti huwa imejisokota kidogo. Hiki hakikujisokota. Uso wake ulikuwa laini, una mistari ya mviringo iliyofuatana kama ya kitunguu kilichokatwa. Kila mstari ni mahali ufa ulipopumzika kabla ya kuendelea. Sehemu ndogo tu upande wa pili, upana wa vidole viwili, ndiyo iliyochanika mara moja. Maana yake shafti hii haikuuawa jana. Ilianza kufa wiki nyingi zilizopita, kidogo kidogo, mpaka ikabaki nyama ya vidole viwili, ndipo ikashindwa. Kulabu haikuwa na kazi hapo.

Kumtafuta mwuaji ni rahisi. Unaifuata mistari kurudi nyuma, kutoka pete kubwa hadi pete ndogo, mpaka ufike kwenye nukta ambapo ufa ulizaliwa. Niliifuata kwa ncha ya sindano. Ilinipeleka ukingoni, kwenye alama nyeusi ndogo isiyozidi punje ya ufuta. Ulikuwa mkia wa neno Shri.

Kalamu ya umeme huyeyusha tone la chuma, na tone lile hupoa ghafla likawa gumu na jepesi kuvunjika kama kioo. Nililiweka tone hilo shingoni, mahali panapobeba taabu yote ya shafti. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anafundishwa asifanye hivyo. Dagadu hakufundishwa na mtu, na aliniuliza.

Nilichukua msasa, nikasugua ile punje mpaka ukingo ukang'aa. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa chai.

Kipande cha pili, chenye neno lililobaki na jina langu, kilikuwa bado ndani ya giaboksi. Nilikitoa mwenyewe, nikakata shingo yake kwa gesi, nikamwambia Injinia kimeharibika wakati wa kukitoa na nimekitupa kwenye chuma chakavu. Sikukitupa. Nilitaka, nikafika hadi kwenye lundo, mkono ukagoma. Neno la baraka halitupwi jalalani. Naona nilikuwa tayari kumtupa Dagadu ila si neno. Nimekifunga kwenye gunia, nimekipeleka nyumbani, nimekizika ndani ya pipa la mtama.

10 Desemba

Tumefunga shafti ya zamani. Kinu namba mbili kinazunguka. Nimepongezwa kwa kufanya kazi siku mbili mfululizo.

11 Desemba

Nimesikiliza kinu namba tatu. Kinaunguruma vizuri.

12 Desemba

Nimesikiliza kinu namba tatu.

Ile shafti ya pili ina neno lilelile na jina lilelile, na inazunguka. Haijavunjika kwa kuwa mzigo wake ni mwepesi kidogo, basi. Kuitazama lazima kinu kisimame, na kinu kikisimama lazima niseme kwa nini. Njia ya watu inapita mita mbili kutoka hapo.

16 Desemba

Injinia aliniita ofisini, mbele ya karani. "Wewe ndiye fundi mkuu. Kulabu ya chuma ikiingia kinuni, inaweza kuvunja shafti?"

"Inaweza," nikasema.

Karani aliandika, nikatia saini. Nimerudi nyumbani nikijiambia kwamba sikusema uongo. Kweli kulabu inaweza. Hata ng'ombe anaweza, akidondoka kutoka juu ya paa.

17 Desemba

Nimesikiliza kinu namba tatu.

20 Desemba

Ukungu mpaka saa tatu. Nimempita Dagadu penye lundo la makapi. Amejifunga kitambaa usoni kwa sababu ya vumbi, na viganja vyake ameviviringishia matambara. Mtu wa kushika vitufe miaka kumi na tisa hana ngozi ya koleo.

"Habari za kinu, Fundi?" aliniuliza.

"Kizuri."

"Yule kijana aliyewekwa anakikaba. Mwambie akiache kipumue kila baada ya mikokoteni miwili."

Nilimwambia kijana. Dagadu alisema kweli.

23 Desemba

Mtaalamu amekuja mwenyewe. Nilidhani atakuwa mzee mwenye miwani. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, jina lake Ketaki, amevaa viatu vya kazi vilivyochakaa kuliko vyangu. Alikuja na kipande chetu ndani ya kisanduku, akataka aone giaboksi, akataka aone nilivyopima. Alipima upya. Akapata nilichopata.

"Umepima vizuri, Mzee Khot," alisema. Sifa ile ilinichoma.

Kisha alikiweka kipande mezani, akanionyesha pete za kitunguu kana kwamba sijawahi kuziona. Nami nilitikisa kichwa kama nafundishwa. "Ufa huu ni wa wiki nne, tano," alisema. "Umeanzia hapa. Lakini hapa pamesuguliwa. Nani alisugua?"

"Kulikuwa na kutu, binti yangu."

"Kutu, shingoni, karibu na mafuta yote haya?"

Alinitazama, si kwa ukali. Nadhani alinihurumia, na hilo sikulipenda. "Na kipande cha pili?"

"Kilitupwa."

"Mafundi wazuri huwa hawatupi," alisema, akafunga kisanduku chake.

Ripoti yake ina kurasa tatu. Inasema ufa ulikua polepole, chanzo hakikujulikana kwa kuwa ushahidi umeondolewa. Injinia ameisoma kwa njia yake: kulabu nyingine, wakati mwingine, iligonga kwanza na kuanzisha ufa, na mwendeshaji hakuiona hiyo pia. Kwa hiyo Dagadu sasa ana makosa mawili. Uamuzi utatolewa tarehe ishirini Januari.

24 Desemba

Nimesikiliza kinu namba tatu.

27 Desemba

Nimesikiliza. Indu ameniuliza kwa nini siku hizi naacha chakula. Nimesema meno.

2 Januari

Mtaani wanasema Dagadu alilala kazini. Nimeyasikia kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe alisema watu wa kule chini ndivyo walivyo, ukiwapa kiti wanasinzia. Nilikuwa na povu mashavuni na wembe shingoni. Ningeweza kusema, "Ngoja, toa wembe." Nilikaa pale mpaka akamaliza.

6 Januari

Leo kinu namba tatu kilitoa sauti, au nilidhani kimetoa. Tik, moja tu. Nilisimama hapo saa nzima na sikio kwenye mpini wa bisibisi, ncha yake ikigusa giaboksi. Sikusikia tena. Wafanyakazi wamepita nyuma yangu mara hamsini, mmoja amebeba birika la chai.

9 Januari

Nimeanza kumtazama Dagadu kwa siri. Ajabu yake halalamiki. Anazoa makapi vizuri. Amepanga lundo lake kwa ngazi ili lisiporomokee wenzake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria. Nilimwita mwoga hapa hapa, kwenye daftari hili. Mtu anayeogopa angesema tangu siku ya kwanza: mwulizeni fundi mkuu alichoma nini shingoni. Alishika taa, aliniona. Kwa nini hasemi?

Nalijua jibu. Nani angemwamini yeye dhidi yangu?

15 Januari

Sikukuu ya ufuta. Leo watu hupeana vitamu vya ufuta na sukari guru, na kuambiana tuseme maneno matamu, na kama mwaka uliopita palikuwa na ugomvi unaishia hapo. Dagadu alikuja karakana na sahani iliyofunikwa kitambaa. Amewapa mafundi wote, mmoja mmoja. Nilijifanya nimezama chini ya mashine. Alingoja. Ilibidi nitoke.

"Sunanda ndiye aliyetengeneza," alisema. Sunanda ni mkewe, anafundisha watoto wadogo. "Chukua, Fundi, tuseme matamu."

"Tuseme matamu," nikasema.

Nilikiweka mdomoni. Alisimama akinitazama nikitafuna, si kwa kunipima, ni desturi tu, mtu husubiri uonje. Nimekula kwake leo kwa mara ya kwanza. Miaka kumi na tisa tumefanya kazi pamoja, sijawahi kunywa hata maji nyumbani kwao. Hajawahi kunialika, kwa kuwa anajua ningetafuta udhuru. Nikasema ni kitamu sana. Nimeona haya leo kuliko siku ile ya msasa.

17 Januari

Indu alikwenda kuchota mtama wa kusaga. Nilisikia sufuria ikigonga kitu. Kisha akatoka na gunia, akaliweka mbele yangu juu ya mkeka, akalifungua.

"Baba Manjiri, nimekuta chuma chenye jina lako ndani ya chakula chetu," alisema.

Nilimweleza yote. Sikumweleza vizuri. Nilianza na mvua ya Novemba, nikaenda kwenye udongo, nikaja kwenye kulabu, mpaka akaniambia niache kuzungukazunguka. Ndipo nikasema: niliandika, ikavunjika, nikasugua, nikanyamaza.

"Na Dagadu anafukuzwa lini?"

"Tarehe ishirini."

"Na hicho kingine kinachozunguka, kikikatika kinamuua nani?"

"Anayepita."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alichukua mtama uliokuwa umegusana na chuma, akaupepeta upya, na alipomaliza akasema, "Nimekuzalia binti, nimezeeka nawe, sijawahi kukuonea haya mbele ya watu. Usinianzishie sasa."

19 Januari

Asubuhi nilikwenda kwa Injinia Nimbalkar na gunia mkononi. Niliweka kipande mezani pake, juu ya karatasi zake, nikasema yote bila kwenda kwenye mvua.

Alikigeuza. Alisoma jina. Nilimwona akipiga hesabu za aina yake kichwani. Akainuka akafunga mlango.

"Khot, umebakiza miaka mitatu ustaafu. Ripoti imeshapelekwa kwa wakurugenzi. Unataka niwaambie fundi wangu mkuu alichoma shafti siku ya ibada, na mimi nilikuwepo, na nazi nilivunja mimi?"

"Ndiyo."

"Dagadu atapata kazi nyingine. Msimu umebakiza wiki nane. Ukiisha, tutabadilisha ya namba tatu kimyakimya. Chukua hiki urudi nacho ulikokitoa."

"Haitafika wiki nane, Injinia."

"Umejuaje?"

"Sijui. Nasikiliza kila siku, na sijui."

Alisema nitoke. Nilitoka. Nilishuka ngazi, nikapita kwenye njia ya watu, nikafika kwenye kinu namba tatu, nikabonyeza kitufe chekundu.

Mkanda ulisimama. Kisha mota ikanyamaza, na kiwanda chote kikageuza uso. Mwendeshaji aliniuliza kama nimepata wazimu. Wakulima walianza kupanda juu kuona kwa nini miwa haiendi. Nimbalkar alitokea juu ya ngazi, akaniita kwa jina langu kamili mara mbili. Sikumjibu, kwa sababu ningemjibu ningerudi nyuma. Nilifungua kinga. Nikaisafisha shingo, nikapaka dawa nyekundu ya kupimia nyufa, nikangoja dakika kumi, nikaifuta yote. Dakika kumi ni ndefu ukizungukwa na watu mia wenye hasira. Kisha nikapuliza poda nyeupe.

Kama chuma ni kizima, poda hubaki nyeupe. Kama kina ufa, dawa iliyojificha ndani hutoka yenyewe. Tulitazama. Kwanza maandishi yalijitokeza kwa wekundu, Shri, na Y. Khot, watu wote wakayasoma. Halafu kutoka kwenye mkia wa neno ukaanza kuchomoza mstari mwembamba, ukashuka, ukapinda na mviringo wa shafti. Nikaigeuza shafti kwa mkono. Mstari uliendelea. Ulikuwa mrefu kama kidole changu cha kati, kisha kama viwili.

"Maandishi haya ndiyo yaliyovunja na ile ya kinu namba mbili," nikasema kwa sauti. "Ni mimi niliyeandika. Dagadu hana kosa. Kulabu haina kosa."

Nimbalkar alikuwa ameshuka. Aliutazama ule mstari, kisha akautazama umbali kati yake na njia ya watu. Uso wake ulibadilika, akaketi kwenye ndoo ya grisi. Nilidhani mtu atanipiga; hakuna aliyejitokeza. Mkulima mmoja tu, yule wa getini, alisema, "Uliniambia nikalale."

Dagadu alikuwepo, nyuma, na koleo lake. Sikuthubutu kumtazama.

20 Januari

Kamati imekaa nusu saa. Dagadu amerudishwa jukwaani. Mimi nimevuliwa ufundi mkuu na kusimamishwa mpaka wakurugenzi waamue. Nimekabidhi funguo za karakana, na saa ya kupimia.

Getini Dagadu alinifuata. Nilianza kusema, akainua kiganja kilichofungwa tambara.

"Faili la ofisi limesema sina kosa. Sawa. Lakini mtaani kwetu hawasomi faili, Fundi. Kwetu bado mimi ndiye niliyesinzia. Binti yangu ameambiwa hivyo kisimani. Andika barua, uje nayo mwenyewe. Mchana, watu wakiwepo."

"Nitakuja."

"Usimtume mtu."

22 Januari

Nimeandika barua mara nne. Nimeona kwamba najua kupima unene wa unywele ila sijui kuandika "ni mimi" bila kuweka maneno mbele yake ya kuikinga. Ya nne ilikuwa fupi. Indu ameisoma, hakusema nzuri wala mbaya, amenipa shati safi.

Nilivuka mfereji saa tano asubuhi. Nyumba yao ni ya tatu, ina kibaraza cha udongo kilichopakwa vizuri. Majirani walikuwa wameshakaa, wanawake upande mmoja, wazee upande mwingine, kwa hiyo Dagadu alikuwa amewaambia. Hakuna aliyeniletea kiti, nami sikutazamia. Nilimpa barua Dagadu, yeye akampa Sunanda.

Sunanda aliisoma kwa sauti ile ya darasani, neno kwa neno. Mimi Yashwant Khot niliandika kwa kalamu ya moto juu ya shafti. Maandishi yangu ndiyo yaliyoivunja. Dagadu Kamble alinionya siku ile, nikamcheka. Hakulala kazini. Alisimamisha kinu kwa wakati na kuokoa watu. Naomba radhi kwake na kwa nyumba yake.

Alipofika mwisho, mzee mmoja alisema, "Basi, amekiri." Watu wakaanza kunong'ona kwa ile sauti ya mambo yaliyokwisha. Nilihisi mabega yangu yakishuka. Nilikuwa karibu kuaga.

Sunanda hakuikunja barua. Aliipitia tena kwa macho, juu hadi chini, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu.

"Haisemi ulijua lini," alisema.

Niliitazama barua mkononi mwake.

"Kosa linampata yeyote, Mzee Khot. Nami wanafunzi wangu hukosea kila siku. Nauliza ulijua lini. Mume wangu alizoa makapi tangu tarehe nane Desemba."

"Tarehe nane Desemba," nikasema.

"Siku ileile?"

"Siku ileile. Asubuhi. Alikuwa hajamaliza lundo la kwanza."

Minong'ono ilikatika. Sunanda alimtazama mumewe. Dagadu alikuwa ameegemea mlango. Kwa wiki sita nilikuwa nikijiuliza atanitazamaje siku hii, na sasa hakunitazama kabisa. Alikuwa anajua niliandika. Lakini niliona usoni pake kwamba hakujua kuwa niligundua siku ileile. Alikuwa amenipa, moyoni mwake, siku chache za kutojua.

"Iandike," alisema.

Sunanda alinipa kalamu yake. Sikuwa na pa kuegemeza karatasi, nikapiga magoti kibarazani na kuiandika hapo, chini ya maneno ya kuomba radhi: nilijua tangu tarehe 8 Desemba. Nilipoinuka majirani wengine walikuwa wamefika kutoka nyumba za nyuma, na wa mbele wakawapisha ili nao wasikie. Sunanda alipokea barua, akaanza kuisoma upya kutoka neno la kwanza, kwa sauti kubwa zaidi. Nilisimama mpaka akamaliza.